Usinitetee Kwenye Barabara ya Bloemfontein

Saumu mwanangu,

“Mzazi anayempa bintiye gari alilolifungua mwenyewe uani, huyo kamchoka bintiye.” Hayo ni maneno ya mjomba wako Shaban. Aliyasema jana mtaani kwake Mayfair baada ya swala ya Ijumaa, kwenye ule mgahawa wa Wasomali, kikombe cha chai mkononi, na nusu ya watu wa Tanga waliomo mji huu wa Johannesburg wakimsikiliza. Nakuandikia leo ili uyasikie kwangu kabla hujayasikia kwake kesho asubuhi, utakapopita na gari kumuaga ukienda kuanza kazi Bloemfontein. Tena sijawahi kuacha neno la Shaban lipite bila kulijibu, na nimechelewa mno kuanza tabia mpya.

Nilimuuliza, “Shemeji, pikapu lako likiharibika unalipeleka wapi?”

“Gereji.”

“Na anayelala chini yake huko gereji ni nani?”

“Fundi.”

“Fundi gani? Anaitwa nani?”

Akanywa chai. Nikamwambia mimi namjua, ni Mrundi aliyejifunza kazi uani kwa baba yake, kwao Bujumbura, na kwamba tofauti ya uani kwake na uani kwangu ni bati la juu na kibao cha mlangoni. Watu wakacheka. Mmoja akapiga meza, “Shaban, leo umepatikana!”

Hoja hiyo naiamini mpaka sasa na nitaitetea popote. Kuna watu wanaotaka tuogope kila kitu kilicho chetu. Tuogope kufungua boneti, tuogope kusoma mkataba wa nyumba, tuogope kumuuliza daktari swali la pili. Wameigeuza hofu yetu kuwa kazi yao. Mtu mzima amekaa miaka ishirini na gari moja hajui maji yanaingilia wapi, na anajivunia kutokujua, anakwambia “mimi si fundi” kana kwamba amesema “mimi si mwizi”. Nimeandika kurasa nyingi dhidi ya watu hao na sijutii hata moja.

Lakini naogopa, Saumu. Tangu jana naogopa vibaya. Nimekaa mezani na kalamu, na mguu wangu mmoja hautulii, unagonga sakafu peke yake mpaka mama yako ameniita kutoka chumbani niache kelele.

Habari za kula, sweta, kufunga mlango, watu wa kuwakopesha na wasiokopeshwa, sitaziandika. Mama yako amekumalizia zote wiki nzima na zilizobaki amezitia kwenye begi lako zikiwa zimekunjwa pamoja na blanketi. Mimi nataka kuzungumza habari ya Jumamosi iliyopita, ya pampu ya maji ya gari.

Unakumbuka baridi ile. Jua lilichelewa kufika ukutani, na ndoo tuliyoiacha nje ilikuwa na kioo cha barafu juu yake. Gari lilikuwa limekwisha kutuambia mara nyingi: lile tone kwenye kitobo cha chini ya pampu, ule mlio kama mtu anayesaga meno. Nilikuwa naongeza maji ya bomba kila asubuhi na kuliita jambo hilo matunzo. Wewe ulilala chini juu ya boksi, mimi nikainama juu. Ukamwaga maji ya rejeta kwenye beseni, yakatoka mekundu kama chai iliyochemshwa mara mbili. Tukalegeza alteneta, tukavua mkanda, tukatoa bolti moja moja, na ile pampu ikagoma, ukaigonga kwa mpini wa nyundo mpaka ikaachia. Ukainuka, ukaileta mpaka puani kwangu. Mapanga yake yalikuwa yamelika, yamebaki vipande, kama biskuti iliyosahauliwa ndani ya kikombe.

“Baba, ona kazi ya maji yako.”

Nikaanza kujibu. Unajua ninavyoanza. Nikakwambia Tanga hakuna aliyetia kwenye gari yale maji ya kijani ya kuzuia kutu na kuganda, malori yalikwenda Arusha na kurudi kwa maji ya kisima. Ukanisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo lingepaswa kunitia shaka, kisha ukatoa mfukoni kile kikebe kidogo cha shaba chenye springi. Thamostati. Ulikuwa umeinunua bila kuniambia.

“Hii inarudi ndani,” ukasema.

“Hiyo ni kizibo. Inafanya injini iwe ya moto.”

“Ndiyo kazi yake, Baba. Eish. Hapa si Tanga. Hapa maji yanaganda.”

Nataka ujue nilichokisikia wakati ule, maana nilikasirika na hukuelewa kwa nini. Mafundi wote walionilea, kitu cha kwanza walichofanya gari likiingia mikononi mwao ni kutoa thamostati na kuitupa. Hakuna aliyeuliza. Kwetu joto ni adui wa injini toka asubuhi mpaka usiku, na yule mwerevu wa nchi ya baridi aliyeweka mlango wa kuzuia maji yasipoe alionekana mjinga au mlaghai. Nikaja na ujuzi huo mpaka huku, nikautumia, nikauhubiri. Majira yote haya ya baridi tumeishi Johannesburg na injini yetu imeishi Tanga. Kila asubuhi umepelekwa chuoni unatetemeka, heta inapuliza upepo wa jokofu, na mimi nakueleza mambo ya mabeberu.

Mama yako akatokea mlango wa jikoni. “Mwache mtoto afunge. Wewe shika tochi.”

Nikashika tochi. Ulikwangua gasketi ya zamani mpaka chuma kikang’aa. Ukapaka gundi nyembamba, si ule mkate ninaoupaka mimi. Ukaweka pampu mpya, ukakaza bolti kidogo kidogo, ya juu, kisha ya chini upande wa pili, ukizunguka. Nilipoinama na spana yangu nizipitie mara ya pili, ukaweka mkono mbele yangu.

“Usinirudie, Baba. Ukinirudia nitajuaje kama nimejua?”

Nikaweka spana chini, nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Tuliwasha injini na heta ikiwa wazi, hewa ikatoka ikikoroma, maji ya kijani yakashuka, ukaongeza, yakashuka, ukaongeza. Kisha mshale wa joto ukapanda polepole, ukafika katikati, ukakaa. Hewa ya moto ikatoka. Ulitia mikono yako yenye grisi pale mbele ukacheka kwa sauti, ukasema, “Sharp!” Nilikuona mtu mzima, Saumu. Nililazimika kuangalia pembeni.

Halafu ukasema jambo jingine. Shaban alikuwa amekwisha kukwambia upande basi, au umsubiri akusindikize na pikapu mpaka huko, na ulikuwa umechukia. Ukifuta mikono ukasema, “Mjomba ataona. Sisimami hata mara moja mpaka Bloem. Nitamtumia picha ya mshale.”

Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi kama mtu aliyepigiwa makofi. Na jana mgahawani, watu walipokuwa wanacheka habari ya Mrundi na gereji, Shaban akanitaka nikubali akusindikize, nikaona nimalize kazi. Nikamwambia Shaban, “Umjue mpwa wako. Kasema hasimami mpaka Bloemfontein.”

Shaban hakucheka. Aliweka kikombe chini. Akasema, kwa sauti ya chini ambayo watu wa meza ya pili hawakuisikia, “Na mshale ukipanda, shemeji? Atasimama?”

Nilifungua mdomo. Unanijua, mwanangu. Nimebishana na maimamu, na wenye nyumba, na maofisa wa uhamiaji, na yule Mkenya anayejiita profesa. Sikupata neno. Kwa sababu jibu nilikuwa nalijua. Hutasimama. Utauona mshale unapanda, utasema moyoni “bado kidogo, Baba asiaibike,” na utakanyaga mafuta.

Najua utafanya hivyo kwa sababu ulijifunza kwangu, na najua ulijifunza siku gani.

Mei ile ya elfu mbili na nane, wageni walipokuwa wanachomewa nyumba, tulikuwa tumepanga vyumba viwili upande wa mashariki wa mji, unakumbuka, pale penye duka la mkaa. Siku mbili kabla mtaa wetu haujawaka, Shaban alikuja na pikapu lake. Alisimama nje injini ikinguruma, akasema pakieni. Nilikataa. Nilikuwa nimetoka kuandika makala, imesambazwa misikitini na kwenye saluni za Wakongo, inasema mgeni anayekimbia anakubali kwamba alikuwa mwizi. Sasa nitakimbiaje mimi? Mama yako alikuwa ameshika godoro tayari. Nikamwambia alirudishe. Shaban akaniangalia, akamwangalia dada yake, akaondoka. Kwa ajili ya makala, Saumu. Niliwaweka ninyi ndani ya vyumba vile siku mbili kwa ajili ya makala.

Ya baadaye unayajua. Tuliondoka kwa gari hili hili, godoro juu, wewe kiti cha nyuma umekumbatia sufuria, moshi mbele na moshi nyuma. Kabla hatujafika katikati ya mji mshale ukaanza kupanda. Wewe ndiye uliyeuona.

“Baba, mshale umefika juu.”

“Usiutazame.”

Mvuke ukaanza kutoka kwenye boneti. Nilipita taa nyekundu ya roboti, nikapita ya pili. Kulikuwa na wanaume kwenye kona, wamesimama tu, sijui hata walikuwa nani, pengine walikuwa wanangojea teksi. Sikusimama. Tulifika Mayfair injini inagonga kama mtu amefungiwa ndani, Shaban akafungua geti bila kusema neno, akawatoa wewe na mama yako kwanza. Siku ile injini ya kwanza ilikufa na sisi tukawa hai, na ni biashara nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya.

Kisha nikaiharibu. Nikaigeuza kisa. Umenisikia nikikisimulia kwenye harusi na kwenye misiba: namna Baba alivyokataa kusimama, mvuke unatoka, wanaume kwenye kona, mtoto analia nyuma. Hukulia, niliongeza mimi. Watu hupenda. Na wewe umekua ukisikiliza, ukaokota kwamba watu wa nyumba hii hawasimami. Nilichoacha kila mara ni siku mbili zile na pikapu la mjomba wako likiondoka tupu. Bila siku hizo kisa ni cha shujaa. Ukiziweka ni cha mtu aliyekosea akabahatika. Na kule kutosimama hakukuwa ujasiri hata kidogo. Nilikuwa nimekojoa, mwanangu. Mama yako anajua, ndiye aliyefua.

Nimesoma vitabu vingi vya watu wasiorudi nyuma. Karibu vyote viliandikwa na watu waliokuwa wamekaa kwenye kiti.

Sasa nikifumba macho naiona barabara hiyo. Umekwisha kupita Kroonstad, mahindi yamevunwa, pande zote ni mabua makavu mpaka mwisho wa macho, upepo unasukuma gari, malori yanakupita yakikuyumbisha. Simu ina mstari mmoja wa mtandao. Heta ambayo ilikuwa inakupasha moto inaanza kupuliza baridi, na unajua maana yake, maana wewe ndiye uliyenieleza: maji hayafiki tena. Mshale unapanda. Unasema Winburg si mbali. Injini inakaza katikati ya malori mawili. Au haikazi, unafika pembeni, umekaa ndani ya gari lililokufa, na gari jingine linapunguza mwendo nyuma yako. Anashuka mtu. Pengine ni mtu mwema, wengi ni wema, nimeishi hapa nawajua. Lakini akishakusaidia kusukuma atauliza unatoka wapi. Kizulu chako ni cha mzaliwa, huko wanasema Kisotho na Kiafrikana, na leseni yako ina jina langu. Nilikupa jina lile nikijivuna. Leo nimelitazama kwenye bahasha ya kazi yako nikatamani lingekuwa fupi, lisilouliza maswali.

Usidhani naogopa pampu. Kila jioni wiki hii nimeweka boksi safi chini ya gari na kila asubuhi nimelitoa kavu. Jana niliporudi kutoka Mayfair, nisamehe, nilikurudia. Nilichukua spana nikajaribu bolti zako moja moja. Hakuna hata moja iliyosogea. Nilisimama pale na spana mkononi na nilikuwa karibu kukasirika. Kama ningekuta tone, ningekuwa na kazi ya kufanya. Ningefungua, ningekwangua, ningelaani. Umenifungia pampu nzuri na kuniacha na hofu isiyo na bolti.

Mama yako aliniona. Alisimama mlangoni, kanga mabegani juu ya koti.

“Umepata ulichokuwa unatafuta?”

“Hakuna kitu. Kavu.”

“Sasa unalia nini?”

Nikamwambia silii, ni baridi. Akasema, “Kamwambie yeye. Mimi ulikwisha kuniambia, siku ile ya godoro, hukutumia maneno.”

Basi nakwambia wewe. Ulipokuwa mdogo nilifurahi kila ulipobishana. Nilikufundisha kushinda mezani, kushinda shuleni, kumshinda mjomba wako, na kila uliposhinda nilikupa nyama iliyokuwa kwenye sahani yangu. Sikukufundisha kushindwa kwa sababu sijui kunafanywaje. Najifunza usiku huu, na mwalimu wangu ni swali la Shaban ambalo sikulijibu. Nimegundua inawezekana mtu awe na haki kuhusu uani, kuhusu mafundi, kuhusu mikono ya binti yake, haki kabisa, hoja haina tundu, na bado akampoteza mtoto kwa kutaka haki hiyo ionekane.

Huko unakokwenda utakuwa peke yako kwenye maabara ya kiwanda cha maziwa, watu hawakujui, zamu inaanza kabla ya alfajiri na hakuna teksi ya saa hizo. Ndiyo maana unahitaji gari, na ndiyo maana sikulizuia. Watakuja watu na maneno juu yako. Mengine yajibu, una ulimi. Lakini mengine yaache yapite, mwanangu, hata kama ni ya uongo, hata kama jibu unalo na ni zuri. Nimekuwa mtu wa jibu maisha yangu yote, na nikihesabu waliofunga midomo mbele yangu ni wengi, na nikitafuta aliyewahi kunifungulia geti bila kuniuliza lolote ni mmoja. Ni huyo ninayemcheka mgahawani.

Ukifika Mayfair, ukurasa huu wa mwisho mpe Shaban asome, maana nusu yake ni yake. Sitaweza kumwambia kwa mdomo. Nitaanza vizuri na nitaishia kwenye ubishi.

Saumu, mshale ukivuka katikati, hata kwa upana wa ukucha, toka barabarani. Popote ulipo. Zima injini, funga milango, kaa. Usiseme bado kidogo. Usinitetee. Sina heshima yoyote ndani ya injini hiyo inayofaa hata kilomita moja yako. Na umpigie mjomba wako kwanza, kabla hujanipigia mimi, kwa sababu mimi nitataka kujua ni kitu gani kimeharibika, na yeye atakuja.

Na wewe, Shaban. Ulinitaka jana nikubali umsindikize, nikakukatalia mbele ya watu. Sasa nakuomba mbele ya huyu mpwa wako. Kesho usiende sokoni. Jaza tangi, tia kamba ya kuvutia kwenye pikapu, simu iwe mkononi na si kwenye koti, mpaka akwambie amefika. Akikupigia kutoka njiani, usimuulize neno juu ya gari wala juu yangu. Muulize yuko wapi, kisha uwashe pikapu uende ukamchukue.

Baba yako